Nusu ya Biskuti ya Kwanza

Kila asubuhi, saa kumi na moja na nusu, shangazi hufungua oveni kwa kitambaa chake cha bluu, huvuta trei ya kwanza, hupuliza vidole, kisha huchukua biskuti ya pembeni kabisa na kuivunja katikati. Nusu moja hula yeye, nusu ya pili hunipa mimi. Tunatafuna huku tukitazamana, na akikubali kwa kichwa najua trei nyingine zinaweza kuingia. Kwa miaka minne siku yangu ilianza hivyo, hata siku za mitihani ya chuo. Ni mwezi wa Ramadhani tu ndipo tulipooka kwa kunusa.

Jumatatu ile ya mwezi wa saba aliivunja kama kawaida. Nikanyoosha mkono. Mkono wake ukapita mbele yangu, na nusu yangu ikatua kwenye kiganja cha Sumaiya, aliyefika kwetu jana yake.

"Onja wewe, mgeni," shangazi alimwambia. "Ulimi wa mgeni hauna upendeleo."

Sumaiya alifumba macho akatafuna taratibu, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. "Tamu, Bi Mayasa. Ila iliki ni ya jana. Ungeitwanga leo usingehitaji kuweka nyingi hivi."

Nikasubiri shangazi akasirike. Iliki yake haijawahi kuambiwa neno na mtu yeyote. Badala yake akacheka mpaka akashika meza. "Mtoto huyu ana ulimi! Kidawa, umemsikia?"

Nilimsikia. Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka, na kwa kuwa sikujua niupeleke wapi, nikashika kopo la chumvi nikalihamisha kutoka upande mmoja wa meza kwenda upande mwingine.

Jiko letu liko ghorofa ya chini ya jengo moja la Hillbrow, katika chumba ambacho zamani wapangaji walifulia nguo. Bado kuna mabomba matatu ukutani yasiyotoa maji. Shangazi, dada mdogo wa marehemu baba, alikuja Johannesburg kutoka Tanga kabla mimi sijaanza shule, na biskuti zake za nazi na vileja vinajulikana kuanzia hapa mpaka kwenye msikiti wa mjini. Ndiye aliyenileta, ndiye aliyenipeleka chuo cha upishi. Anapowaeleza watu habari zangu husema, "Huyu wangu mkimya, hana neno." Husema kwa sifa. Nami nilizoea kuamini kwamba kutokuwa na neno ni kipaji, kama wengine walivyo na sauti ya kuimba.

Sumaiya alikuwa na sauti ya kuimba pia. Ni binti wa jirani wa shangazi wa utotoni, pale Chumbageni, Tanga. Kabla ya kuja alikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii huko Unguja. Alinizidi miaka miwili. Kufikia siku ya tano mlinzi wa jengo, ambaye mimi nilimsalimia kwa macho tu kwa miaka minne, alikuwa akimwita "dadewethu", dada yetu kwa Kizulu, na kumfungulia geti kabla hajafika. Alilala kitanda cha pili chumbani kwangu. Alikunja blanketi langu pamoja na lake bila kuombwa. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingenirahisishia mambo.

Siku ya pili shangazi alimpa tena ile nusu. Siku ya tatu hakusema tena habari ya mgeni, alimpa tu, na mimi nilijifanya nahesabu karatasi za kuokea. Siku ya nne Sumaiya aliimega nusu yake akanipa robo.

"Shika, shoga, tugawane."

"Nimeshiba," nikamwambia, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tumbo tupu.

Akanitazama kidogo. Kisha akaila robo ile mwenyewe.

Alhamisi hiyo Mama Jocelyne aliingia kuomba maji ya moto. Yeye ni msusi kutoka Lubumbashi, saluni yake imepakana na jiko letu, na ukuta kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba tunajua kila mteja wake anaachika lini. Akamkuta Sumaiya anaimba huku anasukuma unga.

"Aba! Uyu mutoto mupya iko na furaha," alisema. "Kidawa, ma fille, na wewe? Wewe uko kimya sawa kanisa siku ya Lundi." Lundi kwake ni Jumatatu.

Shangazi akacheka. Sumaiya akacheka. Mimi nilitabasamu, na tabasamu lile likanichosha mpaka jioni.

Jumanne iliyofuata alipiga simu Fauzia, Mkenya wa Mombasa anayefanya kazi kwenye kampuni moja huko Sandton, ambaye hununua vileja vyetu kila Idi. Shangazi aliweka simu kwenye spika katikati ya unga.

"Shangazi Mayasa, shikamoo. Ofisini kwetu tunafanya Krismasi Alhamisi. Nataka biskuti za mnanaa mia tatu, zile zenye pipi nyekundu na nyeupe zimepondwapondwa juu."

"Marahaba, mwanangu. Krismasi ya wapi mwezi wa saba?"

"Ya hapa hapa! Krismasi ya Julai. Wazungu wa hapa wanasema Desemba ni joto, sikukuu haina ladha. Basi wanairudia wakati wa baridi, na sufu, na mishumaa, na supu. Mapambo yote yameshatundikwa."

Mama Jocelyne, aliyekuwa mlangoni na chupa yake ya maji, aliweka mkono kifuani. "Noël mwezi wa saba! Na Pasaka, je, watafanya mwezi wa kumi?"

"Mimi mteja akitaka Krismasi kila mwezi nitamwokea kila mwezi," shangazi alisema, akafunika simu kwa kiganja. "Jamani, biskuti za mnanaa ndiyo nini?"

Nilizijua. Chuoni tulizioka mwaka wa pili. Nilifungua mdomo, na kama kawaida yangu nikatafuta kwanza namna nzuri ya kuanza.

"Nazijua hizo!" Sumaiya akasema. "Hotelini tulizioka kila Desemba, kwa ajili ya Wataliano. Niachie mimi, Bi Mayasa."

"Nakuachia," shangazi alisema. Kisha kwenye simu: "Alhamisi saa nane mchana zitakuwa tayari. Hapa nina fundi."

Fundi. Nina cheti, kimetundikwa kwenye ukuta wa mabomba matatu, ndani ya fremu aliyoinunua shangazi mwenyewe, na neno hilo sijawahi kuitwa.

Tulipanga kujaribu trei moja Jumatano. Lakini Jumatano umeme wa jengo lote ulikatika tangu asubuhi mpaka magharibi, tukakaa gizani tukiponda pipi kwenye kinu cha iliki. Zilikuwa zile pipi za mnanaa zenye mistari myekundu ambazo mikahawa huwawekea wateja kwenye kisahani pamoja na bili. Harufu yake ilipanda puani ikatutoa machozi. Sumaiya alisema tunalia kama tumefiwa na Wazungu. Nilicheka bila kukusudia, na nikajikasirikia kwa kucheka.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi shangazi alijifunga mtandio, akavaa koti lake juu ya baibui, akaenda mjini kwenye maduka ya jumla kununua maboksi na utepe. Tukabaki wawili.

Hapa lazima nieleze jambo moja la mji huu. Johannesburg iko juu. Mtu akishuka kwenye basi akitokea pwani haoni mlima wowote, anaona majengo na robot, yaani taa za barabarani, zinazowaka nyekundu na kijani, kwa hiyo haamini. Lakini unga unajua. Hewa ya hapa ni nyepesi, na beking pauda ambayo pwani inainua keki vizuri, hapa inaifumua. Keki inapanda kwa haraka kisha inaketi. Biskuti inatambaa. Mwaka wangu wa kwanza keki zangu zote zilitoka kama kofia iliyokaliwa, mpaka mwalimu wa chuo akaniita pembeni akanionyesha jinsi ya kupunguza: beking pauda nusu, sukari kidogo, unga uongezeke, moto upande. Yote niliyaandika kwenye daftari la jalada la kijani. Shangazi hahitaji daftari. Aliharibu unga mwaka mzima alipofika, mkono wake ukajifunza, na sasa hata hakumbuki kwamba zamani alipima tofauti.

Sumaiya alikuwa ameandika vipimo vyake juu ya kipande cha boksi, kwa kalamu nene. Alikuwa ameshaweka siagi na sukari kwenye bakuli kubwa. Nikasoma kutoka nilipokuwa, kule kwenye sinki. Beking pauda ilikuwa ya pwani. Sukari ya pwani. Kila kitu kilikuwa cha mahali ambapo bahari iko mlangoni.

"Kidawa," aliniita. "Njoo unitazamie. Wewe umesomea. Vipimo hivi viko sawa?"

Nikaja. Nikasimama karibu naye, nikanusa mafuta ya mnanaa mikononi mwake. Daftari la kijani lilikuwa kwenye rafu, kidogo tu juu ya kichwa chake. Ningelifikia bila hata kunyanyua kisigino.

"Viko sawa," nikasema.

"Una hakika? Maana hotelini tulikuwa na mashine, hapa naenda kwa kumbukumbu. Hii beking pauda haijazidi?"

Ni mara ya pili aliyoniuliza ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Mara ya kwanza mtu anaweza kusema amepitiwa.

"Sawa tu, dada."

"Haya, bismillahi," Sumaiya akasema, akamimina.

Sikuhisi furaha, kama mtu anaweza kudhani. Nilihisi baridi. Nilikwenda kupangusa kioo cha dirisha ambacho nilikuwa nimeshakipangusa. Kila nilipojiambia sasa geuka, sasa sema, bado mapema, niliuona mkono wa shangazi ukipita mbele yangu, nikapangusa tena. Sumaiya alitengeneza viduara vyake vizuri, vyote saizi moja, akavibonyeza kwa chini ya glasi, akanyunyiza pipi juu, akaingiza trei tatu kwa pamoja kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Aliimba wakati wote. Baada ya dakika nane akachungulia kwenye kioo cha oveni, na wimbo ukakatika katikati ya neno.

Biskuti zilikuwa zimeshikana mikono. Hakukuwa tena na viduara, kulikuwa na shuka moja jembamba kwenye kila trei, kahawia pembeni, na pipi zimeyeyuka zikafanya madimbwi ya waridi. Kwenye trei ya chini shuka lilikuwa limemwagika ukingoni na linaungua. Moshi wenye harufu ya dawa ya meno ukajaa jikoni.

"Nimefanya nini?" Sumaiya aliuliza. Hakuniuliza mimi, aliziuliza trei. "Sijawahi. Wallahi sijawahi."

Shangazi aliingia wakati huo huo, maboksi mia na hamsini yaliyokunjwa kwapani, utepe mwekundu shingoni kama aliyevishwa shada la maua. Akasimama. Akaweka maboksi chini polepole.

"Nani alipima?"

"Mimi, Bi Mayasa," Sumaiya akasema. "Ni mkono wangu."

"Hukumuuliza Kidawa? Kidawa amesomea haya mambo ya hewa na nini, ana daftari zima. Hukumuuliza?"

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha dirisha kwa mikono yote miwili. Sumaiya alinitazama, si kwa muda mrefu. Nilijua anachoweza kusema, na kilikuwa kweli, na kilikuwa na maneno machache tu.

"Nilijiamini," akasema. "Nisamehe, mama."

Mpaka leo sijui alifikiria nini. Labda aliamini kwamba nami nilikosea kwa nia njema, na hakutaka niaibike. Labda alinijua vizuri kuliko nilivyodhani. Vyovyote vile, alibeba, akageuka kwenye sinki akaanza kukwangua trei zilizoungua kwa kisu, mabega yake yakitikisika bila sauti.

Shangazi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasoro. "Haya," alisema. "Kidawa. Lete daftari lako."

Nikalishusha. Sasa ndipo mikono yangu ilipokuwa na akili. Nilipima siagi mpya, nikapunguza sukari, nikaweka nusu ya ile beking pauda, nikaongeza unga mpaka donge likaacha kunata. Mafuta ya mnanaa yalibaki matone tu, nikayahesabu. Friji yetu ni ndogo, kwa hiyo nilipanga viduara kwenye trei nikazitoa nje, kwenye kibaraza cha nyuma upande wa kivuli, ambako jua la Julai halifiki kabisa kati ya ghorofa na ghorofa. Baridi ya Johannesburg ilifanya kazi yake. Baada ya nusu saa vilikuwa vigumu kama vifungo vya koti.

Shangazi alikunja maboksi nikifanya kazi. Mara moja tu alisema, kama anayejisemea, "Hivi ndivyo mtu anavyosahau alichonacho nyumbani," na mimi niliinamia oveni ili nisionyeshe uso.

Upande wa pili wa ukuta mashine ya Mama Jocelyne ya kukaushia nywele ilikuwa ikinguruma. Sumaiya aliendelea kukwangua. Trei ya kwanza niliivuta mimi, kwa kitambaa cha bluu.

Zilisimama. Kila biskuti ilikuwa mviringo peke yake, na nafasi ya kidole kati yake na jirani yake. Kingo zilikuwa za dhahabu, juu kumepasuka kidogo, na vipande vya pipi vimekaa wima, vyekundu na vyeupe, kama vimewekwa kwa mkono mmoja mmoja. Harufu ilikuwa safi sasa, ile inayomfanya mtu avute pumzi ndefu bila kujijua.

"Mashallah," shangazi alisema.

Sumaiya aligeuka, mikono imejaa povu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaja akachungulia, akapiga makofi, povu likaruka hadi kwenye fremu ya cheti changu. "Shoga! Mkono wako dawa! Hata Unguja hazikutoka hivi."

Alisema kwa moyo wake wote. Hakukuwa na sindano mahali popote ndani ya sauti ile. Nilitafuta.

Shangazi alipuliza vidole. Akachukua biskuti ya pembeni kabisa, akaivunja katikati. Ilitoa mlio mdogo, mkavu. Akaweka nusu moja mdomoni mwake, na nusu ya pili akainyoosha kwangu.

"Shika, mwanangu. Umetuokoa. Nilikuwa nimesahau nani ni nani kwenye jiko hili. Kuanzia kesho tutarudi kama zamani, mimi na wewe."

Niliipokea. Ilikuwa na moto bado, ikaniunguza kidogo kwenye kiganja, nami nikaiacha iniunguze. Siku kumi na moja nilikuwa nimeisubiri. Nilikuwa nimeilalia na nimeiamkia. Nilikuwa nimeidanganyia. Sumaiya alikuwa amesharudi kwenye sinki, mgongo ametupa, kama mtu anayejua kwamba kitu hiki si chake na hana haja ya kukitazama.

"Kula, itapoa," shangazi akasema.

Nikainyanyua mpaka puani. Mnanaa ukapanda, machozi yakatoka, na wangeweza kudhani ni mnanaa.

"Siwezi, shangazi."

"Huwezi nini? Ina kasoro?"

"Haina kasoro." Niliiweka mezani, juu ya kile kipande cha boksi chenye vipimo vya pwani. "Sumaiya aliniuliza. Aliniuliza kama vipimo viko sawa. Aliniuliza mara mbili."

Kisu cha Sumaiya kilinyamaza kwenye trei.

"Ukamwambiaje?" shangazi aliuliza.

"Nilimwambia viko sawa."

"Kwa hiyo ulikosea. Hata waliosoma hukosea."

Mlango ule alinifungulia yeye mwenyewe, kwa upendo wake, na ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kupita. Kesho asubuhi ningepata nusu yangu, na keshokutwa, na Sumaiya angeendelea kukunja blanketi langu pamoja na lake.

"Sikukosea. Nilijua."

"Ulijua?" Shangazi alivuta kiti lakini hakukaa. "Wewe, Kidawa? Wewe usiye na neno? Kwa nini, mtoto wewe?"

Nilimtazama Sumaiya, aliyekuwa amegeuka na maji yanamchuruzika viwikoni. Nikamtazama shangazi. Nilitafuta namna nzuri ya kuanza, kama ninavyotafuta siku zote, na safari hii sikuingoja.

"Kwa sababu ulimpa nusu yangu!" nilisema, kwa sauti ambayo sikuijua, kubwa kiasi kwamba upande wa pili wa ukuta mashine ya Mama Jocelyne ilizimwa ghafla. "Kila siku unampa, na mimi nipo, nimesimama hapa hapa, na hata hunioni. Nimemwonea wivu, shangazi. Dada Sumaiya, nimekuonea wivu. Nilitaka uharibu, ili yeye anirudie mimi."